Nyimbo za Bei Rahisi: Mahakama Imekuachia, Je Mola Wako?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu, na hali wako tuliofunga nao mwaka jana ambao leo wako makaburini. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, sahaba zake, na wote wenye kuwafuata kwa wema mpaka siku ya Kiyama. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, wazazi wangu, na wewe msomaji ambaye hukuwepo siku ile lakini leo umelishika jarida hili mkononi. Maneno haya niliyasema kwa mara ya kwanza mbele ya vijana wenzangu hapa Ikonge, kaunti ya Nyamira, baada ya swala ya Alasiri, tukiwa tunasubiri futari. Nimeombwa niyaandike. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, kwa hiyo ukiona mahali nimeongea kama mtu aliyeketi kwenye mkeka, nisamehe, ndivyo ilivyokuwa.

Mada yenyewe ni nyimbo tunazopakua kutoka kwenye mitandao ya nje, zile za bei ya kutupa na zile za bure kabisa. Utaniuliza, Ramadhani na mp3 vinakutania wapi? Hebu nivumilie kidogo, utaona vinakutana karibu sana.

AYA INAYOFUATA

Sisi tuliosoma madrasa tunazijua aya za funga katika Suratul Baqara. Zinaanza aya ya 183 na kwenda mpaka ya 187. Kila Ramadhani tunazisikia, wengine tumezihifadhi. Lakini ni wangapi tunaendelea na ile inayofuata, aya ya 188? Hapo Allah (S.W.) anatukataza kula mali za watu kwa njia ya batili, na anatukataza kuzipeleka kwa mahakimu ili tule sehemu ya mali za watu kwa dhambi na hali tunajua.

Maalim wetu alikuwa akituambia, "Angalieni mpangilio. Amekwisha kukufundisha kuacha chakula chako mwenyewe, cha halali, mchana kutwa. Sasa anakwambia uache cha mwenzako, mwaka mzima." Niliposikia maneno hayo nilikuwa mdogo, nikayaandika daftarini, nikapata alama zangu, basi. Sikujua yatanirudia.

BIASHARA YANGU YA MEMORI KADI

Sasa wacha nikwambie la kwangu, maana si vizuri mtu kuwasema watu na yeye kujificha.

Nilipokuwa sekondari, kila likizo nilikaa kwenye kibanda kimoja cha kutengeneza simu karibu na steji. Kazi yangu ilikuwa kompyuta. Mtu analeta memori kadi, anasema anataka nyimbo za aina gani, mimi namjazia. Kadi nzima shilingi 100, wimbo mmoja mmoja shilingi 5. Nyimbo nilikuwa nazitoa kwenye mitandao ya nje: mingine ya Urusi, mingine sijui hata ya nchi gani, na ile inayogeuza video ya YouTube ikawa mp3. Bando nilikuwa nanunua usiku, napakua mpaka alfajiri. Siku ya soko foleni ilikuwa haikatiki. Madereva wa bodaboda, akina mama wa ndizi, wanafunzi, wote wateja.

Na sikuchagua. Benga ya Kisii nilikuwa nayo, bongo fleva nilikuwa nayo, nyimbo za Wamarekani tele. Kwaya za majirani zetu Wasabato nilikuwa nazo, tena zilikuwa zinatoka kuliko zote. Na kwa Waislamu wachache tulioko huku, nilikuwa na faili moja kubwa la qaswida za Pwani. Hiyo nilikuwa naijaza kwa fahari. Nikiona natoa huduma ya dini!

Sikuona kosa lolote. Hakuna aliyeniambia. Mwenye kibanda alikuwa mtu mwema kwangu, na ile pesa ilininunulia viatu na vitabu.

Nikaingia chuo kikuu. Mwaka wa kwanza, Ramadhani, tulikuwa tunafuturu pamoja wanafunzi Waislamu. Jioni moja kijana mmoja wa Mombasa akafungua simu yake, ikalia qaswida moja ninayoijua. Nikamwambia, "Hii nimeijaza kwenye simu za watu Nyamira nzima." Akacheka. Halafu akasema polepole, "Huyo anayeongoza ni kaka yangu."

Nikafurahi, nikadhani nimempa habari njema. Akanieleza. Kaka yake na wenzake walikopa pesa kulipa studio, wakalipa wa kupiga picha, wakatoa CD na DVD ili wauze katika misimu ya Maulid. Walipofika kuuza, kila mtu alikuwa nazo tayari kwenye simu. Zile CD ziko ndani ya maboksi chini ya kitanda cha mama yao mpaka leo. Deni walilipa kwa miaka miwili, mmoja wao akauza pikipiki. Kikundi kikavunjika.

Kisha akaniuliza, bila ya hasira, "Na hizo 100 za watu wa Nyamira, kaka yangu mlimtumia ngapi?"

Ndugu msomaji, nilikuwa na tende mdomoni na ilikataa kushuka.

DUKA LA MOSKO

Baada ya siku ile nikaanza kusoma. Nilitaka kujua mitandao ile niliyokuwa naitumia ilikuwa inasimama juu ya nini, maana ilikuwa na maneno ya kisheria chini ya ukurasa, eti wana leseni. Nikakutana na kisa cha mtandao mmoja mkubwa wa Urusi, ambao nadhani ndio mama wa mingi iliyokuja baadaye. Ukikielewa hicho, umeielewa mingine.

Mtandao huo uliitwa AllOfMP3, wa kampuni moja ya Mosko iitwayo MediaServices. Ulivuma sana miaka ya 2000. Wakati duka la Apple la iTunes, lililofunguliwa mwaka 2003, lilikuwa likiuza wimbo mmoja kwa senti 99 za dola, hawa wa Mosko walikuwa wakiuza kwa uzito, kama sukari! Unalipa kwa ukubwa wa faili, senti chache tu kwa kila megabaiti, na albamu nzima inakutoka kwa dola moja, mbili au tatu. Wateja wao wengi walikuwa Uingereza, Marekani na Ulaya, watu wenye kadi za benki na mishahara.

Walipoulizwa, walijibu kwamba wana leseni. Na kweli walikuwa nayo karatasi, kutoka kwa chama kimoja cha Urusi kilichoitwa ROMS. Sheria ya hakimiliki ya Urusi ya mwaka 1993 iliruhusu vyama vya namna hiyo kutoa ruhusa hata kwa kazi za watu ambao si wanachama wao. Kwa hiyo AllOfMP3 ililipa ROMS fungu la mapato. Kampuni za rekodi zikasema, "Sisi hatukuwahi kuwatuma ROMS wauze kitu chetu. Hatuwajui." Yaani ni kama mimi nimpe jirani yangu ruhusa ya kuvuna majani chai ya shamba lako, halafu yeye anilipe mimi, na ukija kulalamika akuonyeshe risiti.

Mambo yakafika kwa serikali. Urusi ilikuwa inataka kuingia Shirika la Biashara Duniani, na Marekani ikalifanya duka hilo kuwa moja ya mambo ya kuzungumzwa. Mwaka 2006 nchi hizo mbili zikaafikiana na suala la mitandao kama hii likawemo. Kampuni za kadi, Visa na Mastercard, zikaacha kupitisha malipo yake. Mwezi wa Julai 2007 mtandao ukafungwa. Na papo hapo kampuni ile ile ikatokea na duka jingine lenye jina jingine.

Sasa sikiliza hapa. Mwezi wa Agosti 2007, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo, Denis Kvasov, alihukumiwa na mahakama ya Mosko. Unajua hukumu ilikuwa nini? Hana hatia. Mahakama ilisema upande wa mashtaka haukuthibitisha kosa, na kwamba kampuni ilikuwa ikilipa kile chama. Akaenda nyumbani kwake.

Haya. Mahakama imesema hana hatia. Je, mwimbaji amelipwa? Bado. Mtunzi amelipwa? Bado. Mpiga ngoma? Bado. Karatasi zote ziko sawa, na mwenye haki hana kitu.

Hapo ndipo ile aya ya 188 iliponirudia, na zile alama za daftarini zikawa kitu kingine. Kwa nini Allah (S.W.) aliwataja mahakimu pale? Kwa sababu binadamu ana hila: anaweza kula mali ya mwenzake na akapata karatasi ya kumwambia kwamba ni sawa. Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Bibi Ummu Salama (R.A.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alieleza kwamba yeye anahukumu kwa anavyosikia, na huenda mmoja akawa hodari wa kujieleza kuliko mwenzake, basi atakayehukumiwa kupewa haki ya ndugu yake asiichukue, kwani huwa anakatiwa kipande cha moto. Huyo ni Mtume (S.A.W.) anasema hivyo kuhusu hukumu yake mwenyewe. Itakuwaje hukumu ya Mosko? Itakuwaje maneno madogo madogo chini ya ukurasa wa mtandao?

SHERIA YA NCHI YETU

Turudi nyumbani. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2019, na kuna Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, inayoisimamia. Kwa sheria hiyo wimbo ni mali. Mtunzi ana haki yake mpaka miaka 50 baada ya kufa kwake, na rekodi yenyewe inalindwa miaka 50 tangu ilipotengenezwa. Kwa hiyo yule anayesema "huu ni wimbo wa zamani, hauna mwenyewe", aangalie tena. Wengi tunaowaita wa zamani, watoto wao wako hai na wanalipa karo kama sisi.

Na mgeni je? Kenya iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1993, na tangu 1995 ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani. Maana yake, kazi ya mtunzi wa nchi mwanachama inalindwa hapa kama inavyolindwa kazi ya mtu wa Nyamira, na ya mtu wa Nyamira inalindwa kwao. Basi mtandao ukiwa Urusi au kisiwani, wewe uliyepakua uko Ikonge, na sheria inayokuhusu wewe ni ya Ikonge.

Nisiseme nisilolijua: sheria imeacha nafasi ya matumizi ya binafsi yaliyo ya haki, na sijasikia polisi wamefika kijijini kumkamata mtoto kwa sababu ya wimbo mmoja. Lakini kuwajazia watu kadi kwa malipo, kama nilivyokuwa nafanya mimi, hayo si matumizi ya binafsi. Hiyo ni biashara ya mali ya mtu, na adhabu yake ni faini au kifungo. Hata kanda na CD zilitakiwa na sheria kuwa na kibandiko maalum cha KECOBO. Mimi kibandiko nilikuwa sijawahi hata kukiona.

Na wenye mitandao hiyo nao wanafikiwa. Ule uliokuwa maarufu sana wa kugeuza video za YouTube, youtube-mp3.org, ulikuwa ukiendeshwa Ujerumani. Kampuni za rekodi ziliushtaki mwaka 2016, na mwaka 2017 ukafungwa.

WANAZUONI WANASEMAJE

Suala hili lilikuwa jipya, na wanazuoni hawakulipokea wote kwa namna moja. Wapo waliosema, hasa katika madhehebu ya Hanafi, kwamba mali ni kitu kinachoshikika na kuhifadhika, na haki ya kunakili haishikiki. Sisi wa Afrika Mashariki wengi wetu tumesoma Shafi, na katika madhehebu yetu manfaa nayo ni mali. Ndio maana unaweza kukodi nyumba: hununui ukuta, unanunua kukaa.

Mwaka 1988 Baraza la Fiqhi la Kimataifa, lililo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilikaa Kuwait katika kikao chake cha tano na kupitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali katika zama hizi, zinalindwa na sheria ya Kiislamu, na haijuzu kuzivunja.

Najua kuna atakayesema, "Wewe kijana, unazungumzia haki za muziki, na muziki wenyewe je?" Swali zuri. Wanazuoni wamelizungumza kwa urefu, na mimi si mtu wa kulikata hapa. Ninalojua ni hili: kama unaamini wimbo huo ni haramu, basi uache. Usiuchukue bure, ukausikiliza mpaka ukauhifadhi, halafu ukifika wakati wa kulipa ndio ukumbuke kuwa ni haramu! Na kumbuka kwamba kwenye kadi zile zile zimo qaswida, mawaidha, na vitabu. Hivyo navyo vina wenyewe.

Kuna masheikh na wasomaji wengi wa Qur'an ambao wametoa rekodi zao bure kwa kila Muislamu, Allah awalipe. Mwenyewe akisema chukua, chukua na umwombee dua. Lakini ruhusa ya mmoja haiwi ruhusa ya wote.

VISINGIZIO VYETU

Siku ile Ikonge vijana walinibana kwa maswali, na nayashukuru maswali yao. Nitayataja machache.

Mmoja alisema, "Wale wanamuziki wa Marekani ni matajiri, shilingi yangu 20 hawaioni." Nikamuuliza, mwenye matatu akiwa tajiri, unaruka dirishani bila kulipa? Utajiri wa mtu haukuhalalishii mfuko wake. Tena katika wimbo mmoja mna watu wengi: mtunzi, fundi wa studio, waitikiaji. Hao si matajiri.

Wa pili alisema, "Lakini hao si Waislamu." Huyu nilimkumbusha usiku wa Hijra. Makureshi walikuwa wamekusanyika kumuua Mtume (S.A.W.), na amana zao walikuwa wameziweka kwake. Alifanya nini? Alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma azirudishe kwa wenyewe. Waliotaka kumuua! Sembuse jirani zetu Wasabato, ambao tunaazimana nao jembe na kuzikana. Kwaya yao ilirekodi wapate pesa za kujenga, mimi nikaiuza kwa shilingi 5 na sikuwapa hata senti.

Wa tatu akasema jambo lililonigusa. "Wazungu nao walichukua za kwetu." Ni kweli. Wimbo wa Malaika, aliourekodi Fadhili William hapa Kenya miaka ya 1960, umeimbwa na Miriam Makeba na Harry Belafonte, ukaimbwa na Boney M, umezunguka dunia nzima. Mpaka leo watu wanabishana ni nani hasa aliyeutunga, na waliodai haki yake, hapa Kenya na Tanzania, walilalamika miaka mingi kwamba pesa hazikuwafikia inavyostahili. Fadhili alifariki mwaka 2001. Sasa kama jambo hilo linatuuma, na linauma, basi tumekwisha kukiri kwamba ni dhulma. Haliwezi kuwa dhulma likitoka kwao kuja kwetu, likawa ujanja likitoka kwetu kwenda kwao. Tena sisi kwa kadi zile tulimdhulumu nani hasa? Waimbaji wa benga wa hapa hapa Gusii ndio wa kwanza.

Wa nne, dada mmoja, aliuliza lenye uzito: "Na kama nimelipa? Nimeona mtandao unauza, nimetoa pesa yangu, nitajuaje kuwa ni wizi?" Dada huyu ana haki. Anayelipa kwa nia njema si sawa na anayeiba akijua. Lakini bei nayo inasema. Ukiuziwa ng'ombe kwa shilingi 500 usiku njiani, utauliza alikotoka. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi ya Nuuman bin Bashir (R.A.), kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake kuna mambo ya shaka, na anayejiepusha na ya shaka ameinusuru dini yake na heshima yake. Angalia kama msanii mwenyewe anautaja mtandao huo kwenye kurasa zake. Angalia kama kampuni ina anwani na mtu wa kuulizwa. Ukiona bei haiwezekani na mwenye duka hajulikani, liache. Na usisahau kwamba umempa huyo asiyejulikana namba ya kadi ya benki ya babako.

NJIA ZA HALALI ZIPO

Zamani tulikuwa na udhuru kidogo. Kabla ya nyaya za baharini za intaneti kufika Mombasa mwaka 2009 kupakua wimbo mmoja saiba kulikuwa ni kazi ya nusu saa, na maduka ya halali ya nje hayakuwa yakituuzia sisi. Leo udhuru huo umekwisha. Mdundo, iliyoanzia Nairobi mwaka 2013, inakuruhusu kupakua bure kwa makubaliano na wasanii, na wao wanapata fungu kwenye matangazo. Boomplay ipo. Spotify ilifika Kenya mwaka 2021, na ukivumilia matangazo hulipi. Hata kuangalia video YouTube kwenye ukurasa wa msanii mwenyewe kunampa kitu. Wasanii wetu bado wanalalamika kwamba mgao ni mdogo, na wana haki ya kulalamika. Lakini kidogo si sawa na sifuri.

Na kikundi cha qaswida kilicho karibu nawe, hakihitaji mtandao wowote. Waulize namba, watumie shilingi 50 kwa M-Pesa. Utaona dua utakazopata!

NILIVYOFANYA

Namalizia na langu, maana nililianza.

Nilimwendea maalim wangu nikamweleza yote. Alinikumbusha masharti ya toba: kuacha dhambi, kujuta, na kuazimia kutorudia. Likiwa linahusu haki ya mja, linaongezeka la nne, nalo ni kumrudishia mwenye haki au kumwomba radhi. "Hilo la nne," akasema, "ndilo watu wanaloliruka."

Tukakaa tukapiga hesabu. Kwa makisio, kadi nilizojaza si chini ya 230. Fungu langu lilikuwa shilingi 30 kwa kila kadi. Jumla shilingi 6,900. Si pesa nyingi, lakini kwa mwanafunzi ni nyingi. Akanishauri: ninayemjua nimfikie, nisiowajua niwatolee sadaka kwa niaba yao, na nizidi kuomba msamaha.

Nilianza na yule kaka wa Mombasa. Nilimtumia shilingi 2,000, nikampigia. Alinyamaza, nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, "Mdogo wangu, tangu tulipovunja kikundi hakuna mtu aliyewahi kutulipa hata shilingi kwa ile kazi. Wewe ndiye wa kwanza." Akanisamehe yaliyobaki. Lakini akaniwekea sharti moja: "Wale uliowajazia, waambie."

Ndio maana nimesimama mbele yenu, na ndio maana nimeandika. Kwaya ya jirani nimeipelekea yao pia; mwalimu wa kwaya alinitazama kwa mshangao, akanikaribisha chai, nikamwambia nimefunga, tukacheka. Waliobaki bado nawatolea, kidogo kidogo.

Ndugu yangu, Mtume (S.A.W.) alipowauliza sahaba zake ni nani aliyefilisika, aliwaeleza kwamba ni yule atakayekuja Kiyama na swala zake, funga zake na zaka zake, lakini alimtukana huyu na kula mali ya yule. Wenye haki wakagawiwa mema yake mpaka yakaisha. Angalia, funga imetajwa humo. Funga hii tunayohangaika nayo, njaa hii, kiu hii, isije ikachukuliwa na mwimbaji wa Brazil ambaye hata jina lake hatukuwahi kulisoma.

Leo usiku, baada ya taraweh, fungua simu yako. Pitia faili moja baada ya jingine na ujiulize: huyu ameniruhusu? Usiyeweza kumjibu, mfute. Na kama kuna unayeweza kumlipa, mlipe kabla ya Idi.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusihitaji haramu yako, zitakabali funga zetu, na utuwafikishe kurudisha haki za waja wako tungali hai. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.